Absalom na Vita vya Mkono wa Kulia

Tegeni masikio, enyi mlioketi na mliosimama, wauza samaki na wala samaki, nanyi wa Milimani mnaochungulia kutoka nyuma ya mageti yenu! Acheni ubishi wa mpira, tieni simu mifukoni, maana leo havisimuliwi vita vya wafalme wala safari za manabii, bali jambo lililovipita vyote hivyo kwa makelele: jinsi Absalom wa Kisian, Simba wa Miwa, Mtetemesha Madaraja, alivyopigana na kijitabu chembamba cha sheria za barabarani, kikamwangusha, naye akainuka, akakiangusha. Namwomba Mungu anijalie pumzi ndefu na uso usiocheka. Vyote viwili vitahitajika.

Absalom alikuwa nani? Usimuulize mwenyewe, utachelewa kazini. Kwa miaka mingi aliendesha trekta la miwa huko Muhoroni, akikokota matrela hadi kiwandani, na kila aliporudi Kisian alisimama kwenye kibanda cha chai akajipiga pakruok, ile desturi ya watu wa ziwa ya mtu kujipamba kwa majina makubwa mbele ya wenzake. "An Absalom!" alinguruma, yaani mimi ni Absalom. "Mimi ndiye moshi unaotangulia moto! Mimi ndiye breki inayoogopwa na mteremko!" Watu wakapiga makofi, kwa kuwa makofi hayanunuliwi. Lakini ukweli usemwe: trekta lile lilikwenda mwendo wa ng'ombe aliyeshiba, na breki yake iliyoogopwa na mteremko ilikuwa jiwe, ambalo utingo wake, kijana aitwaye Waswa, alishuka mbio kuliweka chini ya gurudumu.

Basi ikawa Bi Rehma, muuza saruji wa mjini Kisumu, amenunua lori jipya la kupeleka mizigo Busia. Dereva wake wa zamani, Mzee Dishon, alikuwa amezeeka, magoti yanalia, akitaka kumfundisha mtu kazi kisha apumzike. Bi Rehma akatangaza: kiti hicho ni cha Absalom kwa sababu ya uzoefu wake, ila kwanza aufanye mtihani wa maandishi, apate kibali cha kujifunzia malori. Waswa yule wa jiwe alikuwa ameupita mtihani huo zamani, kimyakimya, bila hata kumwambia mtu. Naye alikuwa anangoja.

Je, shujaa wetu alikaa akasoma? Loo! Shujaa hasomi, shujaa hushukuru. Jumapili kabla ya mtihani alisimama mbele ya kanisa lote la Kisian, amemshika jogoo mwekundu kwapani, akatoa shukrani kwa Nyasaye aliyemwezesha kufaulu. Kufaulu! Mtihani ambao karatasi yake ilikuwa haijachapwa! Waumini wakaimba, mchungaji akambariki, na jioni ile yule jogoo akaliwa. Jogoo aliyekwisha kuliwa harudishwi.

Sasa sikilizeni jinsi maangamizi yalivyoingia, kwa mlango mdogo mno. Mwalimu wa shule ya udereva alikuwa amewaambia wanafunzi wake, "Mkichanganyikiwa upande, kumbukeni ugali. Mkono wa kulia ni mkono wa kula. Basi." Darasa zima likaokoka kwa maneno hayo, isipokuwa mtu mmoja. Kwa maana Absalom tangu anyonyeshwe alikula kwa mkono wa kushoto, na hakuna aliyethubutu kumkataza, kwa kuwa alikuwa kifungua mimba. Tena kwa lugha ya mama yake upande wa kushoto huitwa koracham, na ndani ya neno hilo limejificha neno cham, ambalo ni kula. Mashahidi wawili wakisema neno moja, kesi imekwisha. Absalom akaamua kwamba kulia ni kule anakokula, akafunga kijitabu, akaenda kunywa chai.

Karatasi ikaja. Lori hulipita gari jingine kwa upande gani? Kwenye raundabauti umpishe anayetoka upande gani? Lori la mwendo wa polepole likae upande gani wa barabara? Absalom akajibu yote kwa mwandiko mnene wa mtu asiyejua shaka, na kila palipotajwa upande akaweka gari lake mahali pa kifo. Afisa aliyesahihisha alimwita mezani, akamtazama kwa huruma ambayo kwa kweli hakustahili.

"Mzee," akasema, "hii karatasi yako ingekuwa barabara, tungekuwa tunazika watu mpaka Krismasi."

Bi Rehma, alipoletewa habari, hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililotisha. "Baba, nitakungoja hadi mtihani ujao," alisema. "Ukianguka tena, ufunguo nampa Waswa. Mimi lori langu nimelinunua libebe saruji, sikulinunua libebe majina."

Absalom akarudi Kisian kwa njia ya nyuma ya kanisa. Mkewe Jacinta alikuwa kando ya barabara akikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki minofu ikishakwenda kwa wenye nazo. Akasimama mbele ya karai, akainua kijitabu juu, akahutubu.

"Ewe mama wa Terry! Nimesalitiwa! Nimeyapanda matope ya Muhoroni nikayashinda, nimevuka madaraja yasiyokuwapo, na leo karatasi, kitu kisicho na injini, inaniambia sijui barabara! Maadui wamenizunguka kulia na kushoto!"

"Wacha kelele, Baba Terry, unafukuza customer," akasema Jacinta. "Kwanza kula."

Akamsukumia sahani. Absalom akamega tonge, na Jacinta, aliyekuwa ameuona mkono ule ukila kwa miaka yote ya ndoa asiutilie maanani, akasimamisha mwiko hewani.

"Hebu ngoja. Hiyo mkono unakulia ni gani?"

"Si ni ya kulia!"

"Na hii ingine?"

"Ya kushoto. Mama Terry, unanipima akili?"

Jacinta akacheka hadi akaketi chini. Kisha kicheko kikamkatika ghafla, akaogopa, maana alikumbuka jogoo, akakumbuka kanisa, akakumbuka kwamba yeye mwenyewe amekwisha kumwambia mama yake kuwa mume wake sasa ni dereva wa lori. Aibu hii isingeishia kwa Absalom, ingepikwa sufuria moja na yeye.

"Sikia, jaduong', mzee wangu," akasema, akimpokonya sahani. "Kuanzia leo, hii mkono ya kushoto imefungwa. Hii ingine ndio ya kulia. Kama haitakula, tumbo pia haitakula. Hata mtoto wa nasari anajua hii kitu, na wewe unataka kuendesha lori mpaka Busia!"

Hapo ndipo vilipoanza vita ambavyo majirani wa Kisian bado wanavisimulia wakikosa habari nyingine. Jacinta alimfunga mkono wa kushoto kwa leso, akaketi mbele yake na mwiko kama askari wa zamu. Mkono wa kulia wa Absalom, ulioishi maisha yake yote kama mgeni, ukaingia ugalini na kutoka bila kitu. Omena walirudi uwanjani kwa wingi kuliko walivyovuliwa ziwani. Tonge lilipaa, likapotea, likaonekana kwenye sikio. Kuku wa jirani walinenepa hata wakawa wazito wa kukimbia. Shujaa akakonda, akaomboleza, akautukana mkono wake mwenyewe kwa matusi ambayo hayafai hapa. Na kila alipofikisha tonge kinywani, Jacinta alimfungulia kijitabu na kuuliza:

"Unapita gari upande gani?"

"Upande wa... wa hili tonge."

"Inaitwaje?"

"Kulia," akajibu, na kusema kweli alikuwa karibu kulia.

Siku ya mtihani ikawadia. Absalom akaketi kimya, jambo ambalo halikuwahi kushuhudiwa, na kila swali lilipotaja upande, mkono wake mmoja uliingia chini ya meza, ukamega tonge lisiloonekana, ukalichovya katika mchuzi usiokuwapo. Afisa akamkaribia.

"Mzee, unafanya nini huko chini?"

"Ninakula, afande."

Afisa akatazama chini ya meza, hakuona chakula, akaondoka polepole. Na Absalom akafaulu! Kwa alama zilizotosha tu, wala hazikubaki za kumpa jirani, lakini akafaulu.

Ndipo kukawa shangwe Kisian. Jacinta akapika mbuta mzima, mwenye minofu yake, akamfungua mumewe ile leso kwa machozi ya furaha. Na Absalom, akiwa huru, akakirudia chakula kwa mkono wake wa zamani. Alikula sana. Alipiga pakruok kati ya tonge na tonge. "An Absalom! Mla sheria za barabara! Mtihani uliponiona, uliomba ruhusa ya kwenda haja!" Kisha, bila hata kunawa vizuri, akaandamana na mkewe na nusu ya kanisa hadi kwenye bohari la Bi Rehma, ambako lori jipya lilingoja likimetameta.

Bi Rehma akamkabidhi ufunguo. "Hongera, Baba. Ingia mlango wa kulia, Mzee Dishon atakaa na wewe."

Absalom akawageukia watu, akawapungia. Akatembea kwa madaha, macho yakiwa kwa umati, akafungua mlango, akapanda, akaketi, akakunjua mikono kuushika usukani wa heshima yake.

Hapakuwa na usukani.

Trekta, mnajua, kiti chake kiko katikati, halimwulizi mtu upande. Waswa, aliyesimama pembeni, akatazama viatu vyake. Mzee Dishon akachungulia dirishani, magoti yakimlia, akasema kwa upole, "Kijana, hapo ni kwangu."

"Najua!" akanguruma shujaa, jasho likimtoka. "Jemadari hukagua kwanza kiti cha askari wake!"

Na hapo, enyi vizazi vijavyo, akafanya lile tendo. Hakushuka, maana kushuka kungekuwa kukiri. Alijiinua, akavuka gia kwa tumbo lililojaa mbuta, mguu ukanasa, honi ikalia yenyewe, suruali ikatoa sauti ya kukata tamaa, akaangukia upande wa pili akiwa ameukumbatia usukani kwa mikono yote miwili. Kisian nzima ikapiga yowe la ushindi. Hakuna mwana wa ufuo huu, tangu ziwa liwe ziwa, aliyewahi kutoka kushoto hadi kulia kwa taabu kubwa namna ile na bado akafika.

Jacinta peke yake hakupiga yowe. Alikuwa anaikunjua leso.

"Baba Terry," akamwita kutoka chini, "jioni tunakula na ile mkono ingine."