Babu wa Ukutani

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Barua ya posa imejibiwa. Jumamosi wazee wa Yona wanashuka kutoka Kasulu kuja kujitambulisha. Wema, binti yetu wa pekee, anasugua masufuria ambayo tayari yanang'aa. Yona ni muuguzi, mpole, na hunisikiliza ninapoongea. Vijana wa namna hiyo hawapatikani ovyo.

Tatizo ni ukuta.

Nimeligundua leo kwa jirani yangu Martini. Sebuleni kwake pana picha ya marehemu baba yake, kasimama na baiskeli, kaptura na soksi ndefu. Kila mgeni huuliza huyu ni nani. Martini anangoja tu aulizwe. Kisha anasimulia: karani wa reli, baiskeli ya kwanza mtaani, na kadhalika. Leo amemsimulia fundi bomba, bomba likiendelea kuvuja.

Nikarudi kwangu nikautazama ukuta. Kalenda ya parokia. Saa iliyosimama. Na kitambaa alichodarizi mke wangu Regina, kimetiwa fremu: bata wawili wanatembea kando ya ziwa. Mmoja hana miguu. Alikidarizi miezi ile alipoambiwa alale tu kitandani akimsubiri Wema. Uchungu ukamshika kabla hajafika kwenye miguu. Miaka ishirini na sita namwambia amalizie. Hataki, na hasemi kwa nini.

Wazee wataingia, watauliza nini? Bata?

Picha ya baba yangu sina. Hilo naliandika mara moja, silirudii.

Jumatano, 10 Septemba

Nimekwenda Ujiji. Kwa maelezo niliyompa Regina, nilifuata dagaa.

Kuna studio ya picha ya zamani, mwenyewe alishafariki, na bintiye Shadia anaigeuza saluni. Picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua ziko kwenye sanduku. Nikaomba kuzitazama. Maharusi. Watoto wanaolia. Halafu yeye.

Koti jeusi. Sharubu zimenyooka. Kovu dogo juu ya nyusi. Fimbo mkononi. Anatazama kana kwamba mpiga picha ndiye aliyechelewa. Picha yenyewe kubwa kama sinia.

Shadia akauliza ni nani yangu. Mdomo ukajibu kabla yangu: babu, mzaa baba.

Akapangusa kioo cha picha kwa upindo wa khanga. Akasema marehemu baba yake alimwusia asitupe picha hata moja, ipo siku wenyewe watakuja. Mimi ndiye wa kwanza. Akanisindikiza hadi barabarani, machozi yakimlengalenga. Nilijisikia vibaya mpaka nilipopata bajaji.

Dagaa nimesahau.

Ijumaa, 12 Septemba

Babu yuko ukutani. Bata wamehamia chumbani.

Regina alisimama mbele ya picha muda mrefu. Akauliza ni nani. Nikamwambia ni babu yangu. Akasema babu yangu hakuna mtu aliyewahi kumwona. Nikamwambia ndiyo uzuri wake, hakuna wa kubisha. Akasema yeye alimfahamu baba yangu, alikuwa mkwe mwema, na hakuwa na koti. Akaenda jikoni.

Wanawake hawaelewi maana ya ukuta. Ukuta ndio unaosema nyumba hii imetoka wapi. Wa kwangu ulikuwa unasema bata.

Jioni nimeandaa historia yake. Mtu wa ushauri. Watu walitoka mbali kumwona. Jina sikumpa. Kosa kubwa.

Jumamosi, 13 Septemba

Siku mbaya. Naandika kwa utaratibu.

Walifika saa nne asubuhi. Msemaji wao ni Mzee Elikana, baba mkubwa wa Yona, mzee mrefu mwenye kofia. Pamoja naye shangazi mtu, Mama Domitila. Tukasalimiana, mwakeye, mwakeye, wakaketi, tukasali. Hakuna aliyeuliza kuhusu picha. Nikakohoa. Nikaitazama. Nikainuka nikaenda kuinyoosha, na haikuwa imepinda.

Hapo Mzee Elikana akageuka. Akavua kofia. Akainuka, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Babu yangu, mzaa baba. Mtu wa ushauri."

"Jina lake?"

"Sisi tulimwita Babu tu."

"Sisi tulimwita Mzee Bihama," akasema. "Ni kaka wa baba yangu. Ndiye aliyenilea."

Akaligusa lile kovu kwa kidole. Akasema Bihama alikuwa katekista. Alishuka Ujiji kupigwa picha, akafariki kabla ya kuifuata. Picha yake nyingine haipo duniani. Na alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Gervasi, aliyekimbilia huku ziwani kabla ya Uhuru, hakuonekana tena.

Akanitazama. Nikaona hesabu inafanyika usoni mwake na nikashindwa kuizuia. Akanikumbatia. Akaniita mwanangu. Alilia, mzee wa watu, begani kwangu. Akasema fungu la Gervasi lipo mpaka leo, migomba na kahawa, hakuna aliyethubutu kuligusa.

Ndipo Mama Domitila akasema taratibu kwamba kama mimi ni mjukuu wa Bihama, basi mimi na Yona ni ndugu, na Wema ni binti yake Yona. Hapa hakuna ndoa.

Wema alikuwa ameshika chupa ya chai. Akaiweka chini. Akatoka.

Tulikula. Wao walikula kama watu waliompata ndugu aliyepotea. Regina hakunitazama hata mara moja.

Jumapili, 14 Septemba

Wema hajaenda kanisani wala hajala.

Nakiri kwamba nimeifikiria ile migomba. Nimeifikiria kuanzia misa ya kwanza hadi mchana. Nilijiambia huenda baba yangu kweli alikuwa Gervasi, akabadili jina. Nilijiambia wachumba wapo wengi. Nilifika hadi kupanga ningeweka wapi kibanda cha kukaushia kahawa.

Alasiri Yona akaja. Akaanza kuniamkia, shikamoo baba, akasita katikati, hajui kama aendelee ama aniite kaka. Macho mekundu. Akakaa dakika mbili, akaondoka bila kumwona Wema, kwa sababu sasa si vizuri.

Regina alikuwa anachambua maharage. Akasema, kwa sauti ile ile ya kuulizia chumvi, kwamba basi la kuwarudisha wazee Kasulu linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi, na ama niseme mimi ama aseme yeye.

Jumatatu, 15 Septemba

Nilikwenda stendi na picha imefungwa ndani ya kitenge. Walikuwa wameshapanda. Nikaingia, nikasimama kwenye ujia katikati ya viti, watu na mizigo yao wakinipita.

"Mzee," nikasema, "huyu si babu yangu. Nilimtoa studio Ujiji. Simjui."

Abiria wa nyuma wakainua shingo, wakasikiliza vizuri.

"Na baba yako alikuwa nani?"

"Mchuuzi wa dagaa pale Kibirizi. Mfupi. Hakuwahi kupigwa picha."

"Hilo lilikushinda kusema?"

"Ukutani sikuwa na cha kuonyesha, Mzee."

Mama Domitila aligeukia dirishani, mabega yanatetemeka. Nikajua nimemliza. Alikuwa anacheka.

Mzee Elikana akanyoosha mikono. Nikampa. Akafungua kitenge, akamlaza Mzee Bihama mapajani, akamtazama. Mara ya mwisho kuiona sura hiyo alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alisema alishaanza kuisahau, na jambo hilo lilikuwa linamtisha. Kisha akasema atawaeleza wazee wenzake kwamba mimi ni mwongo, lakini binti hana kosa, na kwamba mahari itazungumzwa mwezi ujao kama ilivyopangwa. Na kwamba kuna kitu kimoja tu kinamsikitisha: juzi usiku alilala akiamini Gervasi alipata uzao.

Konda akaniambia nishuke, basi linatoka.

Nyumbani Wema alimkumbatia mama yake. Mimi nilipewa chai bila sukari. Bata wamerudi ukutani.

Jumamosi, 20 Septemba

Siku tano za unyenyekevu. Zimetosha.

Martini alikuja kuuliza babu kaenda wapi. Nikamjibu kwamba wamemhitaji Kasulu. Ni kweli tupu.

Lakini nimefikiri. Kosa langu lilikuwa kutumia babu wa mtu mwingine. Nimemwita Calixte, yule Mrundi anayechora mabango ya vinyozi, amchore baba yangu mwenyewe. Huyu hakuna wa kumdai.

Calixte alikaa na penseli, akaniambia nimweleze sura. Nikafumba macho. Uso haukuja. Kilichokuja ni utosi: kile kiduara kisicho na nywele pale beseni la dagaa lilipokuwa likikaa. Kisha masikio. Kisha namna alivyokuwa akikunja shingo ili kunitazama chini bila kulitua beseni. Calixte alichora bila kuuliza. Akageuza karatasi.

Alikuwa yeye. Nilitoka nje nikakaa uani kidogo, karibu na ndoo. Regina akaja, akaichungulia karatasi, akaweka mkono mdomoni. Akasema isiguswe, itiwe fremu hivyo hivyo.

Nikarudi nikaitazama tena, kwa utulivu. Mzee mfupi mwenye beseni. Wageni wa mahari wanakuja mwezi ujao.

Nikamwomba Calixte amwongeze urefu kidogo. Kidogo tu. Kisha koti, maana Oktoba mvua zinaanza. Beseni nikasema liwe mkoba. Kisha nishani, moja, upande wa kushoto.

Calixte akauliza nishani ya nini.

Nikamwambia achore tu. Sababu itapatikana.