Vigae Vyekundu vya Chumba cha Mama

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamua! Chumba cha nyuma nakiezeka vigae vya udongo, vyekundu, kama vya nyumba tuliyokulia. Mama hawezi tena kuishi peke yake, na atachagua: kwangu au kwa Dada. Shemeji, mume wa Dada, ameshajitapa kwamba chumba chake kina mabati mapya. Mabati! Mama kalala chini ya vigae miaka yote ya ndoa yake. Bado naliona paa lile: mvua ikikatika linatoa mvuke, linanukia udongo, na Baba yuko uani, mikono kiunoni, analitazama tu. Nimemkumbuka mno mzee wangu leo.

Alhamisi, 6 Machi
Fundi wa paa amekuja. Ana mdomo huyo! Akapanda, akaweka gololi juu ya paa. Gololi ikakaa. Akasema tuisubiri. Ikakaa tu. Eti paa limelala mno, maji hayatashuka, yatarudi nyuma chini ya vigae na kuingia ndani. Niweke mabati marefu ya kipande kimoja, au niinue kenchi, zile mbao zinazobeba paa, lipate mteremko. Nikamuuliza kama amewahi kuliona paa la Baba. Hajawahi. Basi anyamaze! Akafungasha vifaa vyake, akaondoka akicheka.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu kauliza kwa nini nisimsikilize fundi. Nikamweleza mbinu yangu: vigae navipandanisha zaidi, chini natandika nailoni. Akaguna. Naezeka mwenyewe, mgongo unaniua. Shemeji akapita, eti kunisalimia. Akatazama juu, akakohoa, akauliza kama vigae vile navianika. Nikamwambia ayasalimie mabati yake.

Jumamosi, 15 Machi
Mama kafika! Alisimama uani, akaviona vigae, akashika mdomo. Machozi yakamtoka. Akasema ni kana kwamba nimemrudishia mzee. Nami nikalia, wala sikuona haya. Shemeji alikuwa kabeba sanduku la Mama, uso umemshuka. Raha iliyoje! Tukaketi mlangoni mimi na Mama, tukikumbuka mpira wangu wa matambara uliokwama juu ya paa, na Baba alivyoapa hapandi, kisha akapanda na viatu vyake vya kazini. Tumecheka mpaka mbavu zinauma. Amesema anakaa kwangu.

Jumatatu, 17 Machi
Lo! Mvua, mchana, Mama kajipumzisha. Fundi alisema maji yatarudi nyuma. Mwongo! Yalikuja mbele, pembeni na katikati ya mto wa Mama. Yeye hata hakushtuka. Akasogeza kitanda, akaagiza mabeseni, akayapanga bila kutazama juu. Nikadhani anafurahi. Nikamwambia, kama zamani, Mama! Akajibu ndiyo, kama zamani kabisa: baba yako naye aliambiwa na fundi, naye hakusikia. Akasema alimpenda yule mzee na anamkumbuka kila siku ya Mungu, lakini mabeseni ameshamwaga ya kutosha. Kesho anahamia kwa Dada. Nikanywea.

Jumatano, 19 Machi
Jana kaondoka. Shemeji alibeba sanduku, akaniaga kwa upole, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Chumba kinanukia udongo uliolowa, kama kule nyumbani hasa. Nimekaa humo peke yangu asubuhi nzima. Mke wangu kaniletea chai, hakunisimanga. Nyumba imepwaya.

Ijumaa, 21 Machi
Habari njema! Dada kapiga simu: Mama anaomba kigae kimoja. Eti mlango wa chumba chake unajifunga kwa upepo, anataka cha kuuzuilia. Mlango! Mke wangu anasema mlango ni mlango. Hamjui Mama. Mtu haombi kigae kama moyo hauko kwenye vigae. Nimekipeleka mwenyewe. Kaniandalia chai, kanishika mkono, kaniita kwa jina la Baba kwa bahati mbaya. Ndipo nikajua la kufanya. Nyuma ya nyumba ya Shemeji kuna kibaraza anapoketi Mama jioni. Paa lake ni bapa kama meza. Vigae vitatulia pale, havitateleza hata kimoja. Shemeji anasafiri Jumatatu. Nimeshapima.