TUNAZAMIA MELI

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu kasema tena. Chumba cha mbele ni chake, aliniazima tu. Jumamosi jioni ikifika bila mimi kumteremsha mteja hata mmoja baharini, mitungi yangu ya hewa inatoka na vyerehani vyake vinarudi. Kasema huku kabana pini mdomoni, kwa hiyo hatanii.

Shida ni Shemeji. Huyu mume wa dada yangu, hapo ng'ambo ya barabara, anapeleka wageni kupiga mbizi kwenye meli iliyozama. Mimi nawapeleka wapi? Mchangani! Mgeni wangu wa mwisho aliona tairi. Alishukuru, lakini kwa sauti ya aliyefiwa.

Basi. Kama shida ni meli, nitazamisha yangu.

Jumatano, 6 Machi
Boti la Mjomba, aliloniachia. Miaka yote linavuja, hata likiwa limefungwa gatini. Mjomba mwenyewe alikuwa halipandi bila ndoo. Ofisa wa mazingira kakubali lizamishwe liwe makazi ya samaki, mradi injini na mafuta vitolewe. Nikavitoa. Nikalivuta hadi kwenye kina, nikavua viatu, nikatoboa matundu. Likaelea. Nikatoboa tena. Likaelea, tena kwa dharau! Shemeji kapita na wageni wake, wakapiga picha. Kaniuliza kwa upole kama nahitaji msaada. Nikamwambia napunga upepo.

Kumbe Mjomba alijaza madumu matupu chini ya viti! Nikayatoa. Likazama na nyundo yangu, keekee yangu na viatu vyangu. Si kitu. Nina meli!

Alhamisi, 7 Machi
Kwa mchora vibao. Nilitaka maneno machache yenye nguvu: TUNAZAMIA MELI. HATA KAMA HUJAWAHI, NJOO. Kanitazama sana, kaniuliza kama nyumbani wanajua. Nikamwambia achore, asiwaze. Kisha akaninong'oneza nimwekee nafasi mdogo wake. Rangi haijakauka, mteja huyo!

Jumamosi, 9 Machi
Nimefungua mlango, foleni! Shemeji katoka nje na mswaki mdomoni kuangalia. Raha niliyoisikia!

Ila wateja gani hawa? Kila mmoja na begi. Mmoja kaja na blanketi. Wakauliza safari ni siku ngapi, nikawaambia dakika arobaini. Wakatazamana. Wakauliza habari za chakula, nikasema kule chini hakuna kula. Mama mmoja aliyekuja kumsindikiza mwanawe kanishika mikono yote miwili, kaniomba nimfikishe salama. Nikamtuliza, nikamwambia namshusha mita kumi na tano tu. Akaangua kilio.

Mwenye blanketi akauliza kama nahodha anahongeka. Nikamjibu nahodha wa wapi, meli yenyewe imezama!

Hapo mke wangu, kasimama mlangoni na utepe wake wa kupimia, akanieleza taratibu, kama anaongea na mtoto wa chekechea, kwamba kuzamia meli ni kujificha ndani yake, bila tiketi wala pasi, uende ughaibuni. Kila mtu anajua! Nikasema mimi nilimaanisha mbizi. Kasema nikawaeleze hao. Sikuwahi. Askari wa bandari alishaingia.

Na mteja wa kweli akachagua saa hiyohiyo kufika. Mwalimu, na miwani yake ya kupigia mbizi mkononi. Kaona askari kanikamata ukosi, kavuka barabara kwa Shemeji. Mke wangu kamweleza askari, nikaachiwa. Mchana huo karudi, anasimulia mtaa mzima: wameteremka kwenye boti jipya, zuri ajabu, na kiatuni kamkuta pweza.

Kiatu changu!

Jumapili, 10 Machi
Vyerehani vimerudi. Nimeachiwa kona, karibu na kapu la vitambaa, mradi nisifungue mdomo. Imeniuma, sifichi. Nilikipenda chumba kile.

Shemeji kaniletea kiatu. Kimoja. Kasema kama nataka, kazi ipo, niongoze wageni wake kwenye boti. Boti langu mwenyewe! Nimtumikie Shemeji? Ng'o!

Kosa lilikuwa neno moja tu, na nimeshalirekebisha. Mke wangu alipokiona kibao kipya kalaza kichwa juu ya cherehani, mabega yakamtikisika. Nadhani kaguswa. Safari hii hakuna wa kunielewa vibaya:

TUNAZAMISHA WAGENI KILA SIKU. WATOTO NUSU BEI.