Mdhamini Pekee wa Shule Tatu

Jumatatu, 11 Agosti

Kosa la wengi kuhusu kuingia mara moja mtandaoni: wanadhani ni nenosiri moja la kugawana. Sivyo. Kila mtu ana lake, na huliandika shuleni kwake tu. Tovuti ya mitihani huuliza shule: huyu ni wenu? Shule ikijibu ndiyo, anaingia. Tovuti haioni nenosiri kabisa. Niliwaeleza hivyo walimu wa shule zetu tatu, Musoma, Bunda na Butiama, mpaka chai ikapoa. Mmoja aliandika.

Mwalimu Yunis wa Bunda, anayeitunza tovuti, anataka kila shule idhamini watu wake. Wazo zuri. Ndiyo maana halinifai. Mratibu ni mimi. Nimehamishia orodha zote za majina ofisini kwangu Mukendo, hapa Musoma. Kila asubuhi mfumo utafunguka kwa msimbo unaokuja kwenye simu yangu. Yunis akauliza, Mzee ukiugua je? Nikamwambia mimi siuguagi.

Jumatano, 13 Agosti

Kesho mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, wote mtandaoni. Asiyeingia hana matokeo. Mwalimu Robi wa Butiama, ambaye watoto wake wamejiandaa tangu Juni, alipiga kuuliza kama mfumo uko tayari. Nikamweleza upya maana ya udhamini, kwa subira. Akasema, Mzee, mimi nimeuliza tu kama uko tayari.

Jioni navuka kwa kivuko cha Kisorya kwenda Ukerewe. Kesho tunamposea mpwa wangu Mihayo, na mshenga ni mimi. Simu ninayo. Msimbo utanikuta popote.

Alhamisi, 14 Agosti

Wenyeji wana utaratibu mzuri: kabla ya mazungumzo, simu zote zinazimwa na kuwekwa kwenye beseni. Niliweka yangu wa kwanza, kuonyesha adabu.

Hakuna aliyemdai Mihayo kitambulisho. Nilisema huyu ni wetu, wakakubali. Nikaona nafasi ya kufundisha. Nikawaambia hata shule zetu zinaingia mtandaoni hivyo hivyo: mwenye nyumba anamsemea mtu wake. Baba wa binti akapendezwa. Akauliza, sasa leo huko shuleni nani anawasemea watoto?

Nikaliangalia beseni.

Nikaomba simu yangu kidogo. Bibi wa binti akasema mshenga anayekimbilia simu ana posa nyingine pembeni. Ukumbi ukacheka. Mihayo akanitazama kwa macho ya kunisihi. Nikakaa. Sikumbuki tulikubaliana nini. Chakula sikukijua ladha.

Ijumaa, 15 Agosti

Jana simu ilipowashwa ilikuta Robi amepiga mpaka nikaogopa kuhesabu. Betri ikafa kabla sijamjibu. Leo nimeichaji dukani Kisorya, nikampigia. Niliuliza watoto wako wapi. Akasema wako darasani, watakuwa wapi tena? Mtihani walishafanya.

Kumbe Yunis hakuufuta mpango wake, na nakala za orodha alikuwa ameziacha kila shule. Mfumo ulipogoma kufunguka jana asubuhi, aliiagiza tovuti iulize kila shule yenyewe. Bunda wakajibu, Butiama wakajibu, hata Musoma wakajibu bila mimi. Walichelewa kidogo, wakaingia wote.

Nilikaa chini palepale kivukoni. Nikamshukuru Mungu. Kisha nikala sato mzima, na kichwa chake.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimempigia Yunis kumpongeza. Akanitania kwamba nimempatia Mihayo mke na kuwaacha watoto wa watu nje ya mlango. Akaomba jambo moja tu: mdhamini wa pili awepo. Nimekubali bila ubishi.

Orodha zote nimezirudisha Mukendo. Mdhamini wa pili nimeshamsajili: mimi, kwa laini yangu nyingine. Iko kwenye simu ileile, kwa hiyo haitapotea.

Nimewatumia walimu wote ujumbe, maana jambo hili watu hulipuuza: leo hii, kabla hujafunga kompyuta, sajili mtu wa pili wa kupokea msimbo.