Vidoti Kumi na Vinne

Jumatatu, 3 Machi

Shangazi kaja kabla sijanywa chai. Chumba cha mbele ni chake, nyumba nzima ni yake, na hajawahi kuniacha nisahau. Kasema miezi minane nina galari humu na hajaona hata picha moja ikitoka mlangoni. Kanipa mpaka Jumamosi. Isipouzwa hata moja, Jumatatu anaingiza vyerehani vyake afundishe mabinti kushona. Nikamwambia sanaa haitaki haraka. Akajibu kwamba hata vyerehani vimechoka kungoja.

Picha kumi na nne ukutani, fremu zote kwa mkono wangu. Bila galari narudi kutengeneza stuli. Sirudi kwenye stuli.

Jumanne, 4 Machi

Nimekata fremu mpya. Kona tatu zimekutana vizuri. Ya nne ina ufa wa kupitisha kidole. Mke wangu kaiangalia, kaniuliza kwa upole kama nilipima. Nikamwambia mbao ndiyo iliyosogea. Nimeuziba ufa kwa unga wa mbao na gundi, juu nikapaka rangi ya viatu. Hauonekani ukisimama mbali. Mbali kidogo zaidi.

Mke wangu kaokota vipande nilivyotupa, kakaa navyo uani na msasa. Kila mtu na mchezo wake.

Jioni, balaa. Fundi wa vioo wa ng'ambo ya barabara kaweka picha tatu dirishani na kuandika GALARI. Namwita Kipimo, maana utepe wa kupimia haumtoki shingoni. Mpaka juzi alikuwa anakata vioo vya madirisha! Na fremu moja ina kidoti chekundu kwenye kona. Mke wangu kanieleza kwamba ndiyo desturi ya magalari: picha iliyouzwa hubandikwa kidoti, ikimsubiri mwenyewe aje kuichukua. Nikamwambia nilikuwa najua. Sikuwa najua.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata akili. Watu hufuata watu. Nimenunua karatasi ya vidoti vyekundu duka la vifaa vya shule, nikabandika kimoja. Kikapendeza. Nikabandika cha pili ili cha kwanza kisione upweke. Kufika saa sita mchana, picha zote kumi na nne zina vidoti.

Kipimo kaja mpaka mlangoni, kahesabu kwa macho, karudi kwake bila hata salamu. Chakula cha mchana kimenishuka vizuri ajabu.

Alhamisi, 6 Machi

Mteja! Daktari wa meno aliyefungua kliniki mtaa wa pili. Anataka picha za chumba cha kusubiria, wagonjwa wapate cha kutazama badala ya kutazamana. Kaonyesha moja, kasema kumbe imeuzwa. Kaonyesha ya pili. Imeuzwa. Nikamwambia hazijauzwa sana. Akauliza vidoti ni vya nini basi. Nikasema wenyewe wanaweza kughairi. Akasema yeye si mtu wa kunyang'anya vya watu, akaaga kwa adabu.

Kavuka barabara. Kipimo kamfungulia mlango kwa mikono miwili.

Nilitaka kuvibandua vyote papo hapo. Lakini Kipimo, alipomaliza na daktari, alitoa kiti nje akakaa anaitazama galari yangu mpaka saa ya kufunga. Nibandue, ajue? Heri nife na vidoti vyangu.

Ijumaa, 7 Machi

Shangazi kapita, kaona vidoti. Kanikumbatia. Mara ya mwisho alinikumbatia nilipooa. Kasema kumbe nina kichwa, na kwa kuwa picha zote zimeuzwa, chumba sasa ni kitupu, kwa hiyo vyerehani vinakuja kesho. Nikamwambia wenye picha wako safarini. Akasema watazichukulia uani.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nimeingia na ngazi nimeisahau juu.

Jumamosi, 8 Machi

Vyerehani viwili vimefika kwa mkokoteni saa tatu. Ikabidi nikiri. Shangazi kasikiliza mpaka mwisho, kakaa juu ya cherehani kimoja, kasema marehemu kaka yake alimwonya juu yangu.

Hapo hapo daktari karudi. Kasema fremu za kule zimenyooka ila zote ni nyeusi, chumba kitafanana na ofisi ya mazishi. Kauliza kama kwangu kumebaki hata moja isiyo na kidoti. Nikasema hakuna. Akanyoosha kidole kwenye meza ya kazi.

Fremu ndogo, tupu, ya vipande vya mbao za rangi mbalimbali. Ya mke wangu, aliyoitengeneza kwa takataka zangu. Daktari kaiinua dirishani, kachungulia kona zote nne. Mwanga haukupita popote. Kasema picha za kutia ndani atazitafuta mwenyewe, kainunua, kaagiza nyingine sita kama hiyo.

Shangazi kawaambia wa mkokoteni wageuze. Chumba kinabaki galari. Ila kuanzia leo msumeno ni wa mke wangu, na mimi ni wa ufagio. Nimekubali kwa unyenyekevu. Tukisema ukweli, daktari alivutwa na vidoti. Bila vidoti angejuaje fremu ipi haina?

Jumatatu, 10 Machi

Kazi yangu ya kwanza: kubandua vidoti. Vimetoka na vanishi. Fremu kumi na nne, madoa meupe kumi na manne, kila kona ya kulia. Mke wangu kasema hakuna njia ya mkato: msasa taratibu, vanishi upya, siku nne za kazi. Kanipa msasa mkononi, kaenda kumpelekea daktari fremu ya kwanza.

Siku nne! Kwa tatizo lenye upana wa kifungo cha shati.

Nimerudi duka la vifaa vya shule. Wanavyo vidoti vikubwa zaidi, sawa na kifuniko cha chupa. Doa halionekani kabisa. Nimeshabandika vyote kumi na vinne, na mke wangu hajarudi bado. Ng'ambo ya barabara, Kipimo katoka na kiti chake. Anahesabu.