Mashine ya Kupima Njaa ya Sato

Jumatano, 10 Septemba

Leo ni leo! Mama Evelina, mwenye vizimba vya kufugia sato ziwani hapa Kigongo, anatafuta msimamizi. Nyumba ipo, pikipiki ipo. Mshindani mmoja tu: Otuoma, anayelisha samaki kwa kopo. Anarusha, anatazama maji, anarusha tena. Eti huo ndio utaalamu! Mimi nina mashine ya fazi lojiki, mantiki ya makadirio. Mashine za kawaida zinajua ndiyo na hapana tu. Yangu inajua njaa kidogo, njaa ya wastani na njaa ya kufa mtu. Boya linapima maji yanavyoruka. Yakiruka sana, feni inarusha chakula kingi. Kazi ni yangu!

Ijumaa, 12 Septemba

Jaribio la kwanza. Maji yametulia, mashine ikarusha kidogo. Sato wakachangamka, maji yakaruka, ikarusha zaidi. Wakachangamka zaidi! Mfuko mzima uliisha kabla sijaifikia swichi. Otuoma akauliza kama mashine inajua na shibe. Wivu huo. Nikamjibu kwamba shibe si suala la kihandisi.

Jumamosi, 13 Septemba

Mama Evelina kaja. Nimempa shikamoo mbili. Akasema habari za mfuko amezipata, ila atajionea mwenyewe kabla ya kuamua. Bahati iliyoje! Kesho kuna ubatizo hapa ufukweni. Mumewe, Mzee Mashimba, amekubali kubatizwa baada ya kuombewa miaka yote ya ndoa. Kanisa zima litakuwepo! Nimevuta kizimba cha majaribio hadi karibu na wanapobatizia. Feni nimeiongeza nguvu. Wacha waone!

Jumapili, 14 Septemba

Sijui nianzie wapi. Mchungaji alimzamisha Mzee Mashimba. Kumbe Mzee anaogopa maji! Akapiga mateke. Boya likasoma njaa ya kufa mtu, feni ikaitikia. Chakula cha samaki kikamfunika mchungaji kuanzia kwenye upara. Mzee akaibuka anahema, mdomo wazi, ukajaa. Kwaya iliyosimama majini ikatimua mbio, na kila hatua yao ikaongeza njaa. Mzee alipomaliza kutema, akauliza kama kila anayebatizwa hupewa, au ni yeye tu.

Mama Evelina hakucheka. Alimwita Otuoma pale pale, mbele ya kwaya, akamkabidhi ufunguo wa pikipiki. Imeniuma. Nimelia. Si kidogo, ni wastani.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimetafakari. Mashine haikukosea hata chembe. Aliyekosea ni Mzee, kupiga mateke kama sato. Basi, samaki nawaacha, hawana shukrani.

Nimekwenda kumwomba radhi mchungaji, nikaziona spika za kanisa. Sauti inapandishwa kwa mkono, mpaka leo! Nikamweleza mpango: waumini wakiitikia amina kwa nguvu, sauti inapanda yenyewe. Ikipanda, wataitikia kwa nguvu zaidi! Hakukataa. Alikuwa bado anajitoa punje masikioni. Akauliza tu itazimwaje. Nikamtoa wasiwasi: safari hii swichi sitaiweka kabisa.