Nusu Yangu ya Hodhi

Jumatatu, 4 Machi

Hakuna uchafu duniani uliowahi kunitazama usoni ukabaki ulipo. Shuleni niliachia njiani kwa huruma tu, nilikuwa nawamalizia walimu maneno.

Leo Shangazi katuita, mimi na binamu yangu. Nyumba yake ya wageni imepata hodhi jipya la kuogea, jeupe, refu, la kujinyoosha humo kama sultani. Mafundi waliopaka rangi ukuta wameliachia madoa ya rangi na saruji. Jumamosi anakuja bibi harusi na mumewe. Na bibi harusi mwenyewe ni binti wa yule shoga yake Shangazi wanayeoneana naye wivu tangu usichana. Kwa hiyo hodhi ling'ae, la sivyo Shangazi hatalala.

Atakayeling'arisha atapewa funguo za nyumba nzima. Atakayeshindwa anakwenda kwa Baba Mkubwa kufyatua matofali. Nimeshawahi kufyatua matofali. Mgongo wangu bado haujanisamehe.

Shangazi ana desturi yake: mkigombania kitu, anakigawa katikati. Kakata uzi, kaufunga kukatiza hodhi. Upande wa kichwani wangu, wa miguuni wa binamu. Haki kabisa. Kichwa kwa mwenye kichwa.

Jumanne, 5 Machi

Binamu tunamwita Profesa, maana husoma hata maandishi ya kiberiti kabla ya kuwasha. Kasoma karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa hodhi. Kasema hili si chuma wala kigae, ni akriliki, ndugu yake plastiki. Eti maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, kitambaa laini. Nikamwambia anaosha hodhi au anaogesha kichanga?

Mimi nimeingia na unga wa kusugulia na waya wa masufuria. Madoa yametoka mbio. Mng'ao nao umeyafuata. Upande wangu sasa umefifia kama jicho la samaki wa juzi.

Shangazi kachungulia, kauliza mbona kwangu pana ukungu. Nikamjibu hodhi limepakwa liwa kwanza, kama bibi harusi, litaoshwa baadaye. Profesa kacheka hadi kashikwa na kwikwi. Kichekesho kilikuwa wapi?

Jumatano, 6 Machi

Doa moja la rangi limebaki ukingoni. Kaidi. Nimekwenda kwa msusi wa jirani, kanipa chupa ya dawa ya kutolea rangi za kucha. Kaniuliza ni ya nani. Nikasema ni ya mgonjwa wangu.

Nimemimina. Doa limekwisha papo hapo! Ngozi ya hodhi nayo imeanza kulainika kama jojo iliyotafunwa. Nikapuliza, kama mtu anayepoza uji. Nikapepea kwa kandambili. Halafu nikasikia hatua za Shangazi. Nikatwaa kisahani cha sabuni, nikakitua juu ya jeraha, nikapiga mluzi.

Shangazi kapita. Nimeamua kukitoa baadaye. Hakitoki. Nimevuta kwa mikono miwili, nimekanyaga ukuta. Kimeota mizizi.

Profesa alikuwa mlangoni. Kakitazama kisahani, kanitazama mimi. Kaendelea kukamua kitambaa chake.

Alhamisi, 7 Machi

Ushindi! Nina rafiki muosha magari, jina lake la kazi ni Povu. Kaniambia taa za gari nazo ni plastiki, zikichakaa yeye huzipaka maji, huzipitishia msasa laini kuliko ulimi wa paka, kisha polishi ya gari. Nimesugua tangu chai ya asubuhi. Mkono wa kulia hausikii amri tena, sasa naandika na mwingine.

Lakini njooni muone. Upande wangu unaonyesha meno yangu yote, hata lile lililooza. Upande wa Profesa ni safi tu. Safi ya kawaida. Ya watu.

Ijumaa, 8 Machi

Ukaguzi. Shangazi kainama upande wangu, kajiona, karekebisha kilemba. Nikajua nimeshinda. Kauliza kisahani kimekuwaje hapo. Kabla sijafungua mdomo Profesa kasema siku hizi hubandikwa hapo, mgeni asiwe anasaka sabuni majini. Kasema bila hata kupepesa jicho. Shangazi kaipenda sana hiyo.

Kisha kataka kujaribu. Kaingia na nguo zake, kakaa upande wangu, kaegemea. Polishi ya gari bwana. Kateleza hodhi zima kama barua inavyopita chini ya mlango, Profesa kamdaka miguu kabla hajapiga bomba teke. Shangazi kacheka mpaka kalia. Kasema nimeng'arisha hata aibu haina pa kushika. Kaniamuru nioshe polishi yote sakafuni mwa hodhi, kwa sabuni ya vyombo na kitambaa cha Profesa.

Funguo kanipa mimi. Zinalia kiunoni kama njuga.

Jumapili, 10 Machi

Maharusi wameondoka wakisifu. Mama yake bibi harusi kauliza kile kisahani kinauzwa wapi. Shangazi kanenepa kwa siku moja. Anataka vyumba vyote vipate mahodhi kama lile, na kila hodhi kisahani chake. Nimeshamwambia msusi aniwekee chupa kubwa.

Profesa kaondoka leo kwenda kwa Baba Mkubwa. Begani begi, mkononi kitabu cha mambo ya matofali. Kitambaa chake laini kaniachia. Nimefutia viatu.

Jioni nimefungua chumba cha maharusi kwa ufunguo wangu mwenyewe, nimekaa ukingoni, nimejisifu kwa sauti. Kwikwi ya mtu haikusikika. Hapo ndipo palipoharibika kweli: Profesa alinikingia kifua kwa neno moja, na mimi sikufungua mdomo alipopewa matofali yangu.